Siti binti Saad: Bibi yetu aliyenyimwa chuo

Wanazuoni wetu wanapozitaja haki za mtoto juu ya mzazi wake, mbili hazikosi: apewe jina jema, na asomeshwe. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, na somo hili nalifundisha kila mwaka. Mfano ninaowapa wanafunzi wangu ni wa mtoto mmoja aliyezaliwa katika nchi ya Waislamu, kati ya Waislamu, na akakosa haki zote mbili. Alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, kwenye mwaka 1880 hivi. Jina alilopewa ni Mtumwa. Chuo hakupelekwa, na shule hakuiona. Alipofariki tarehe 8 Julai 1950, pwani yote ya Afrika Mashariki ilikuwa ikimwita Siti, yaani bibi mwenye heshima zake. Huyo ndiye Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab.

Najua, ndugu msomaji, kwamba wapo watakaokunja uso kwa kuona jina la mwimbaji katika ukurasa huu. Watauliza: dini na taarab ni wapi na wapi? Nawaomba subira. Makala hii si ya kuisifu ngoma. Ni makala juu ya Mwislamu mwenzetu aliyetangulia mbele ya haki, na juu ya deni ambalo jamii yake haikumlipa. Deni hilo, kama nitakavyoeleza, bado tunaendelea kulilimbikiza majumbani mwetu.

Tuanze na jina. Baba yake Siti alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake asili ya Uzigua, nao walikuwa watu wa tabaka la watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika utawala wa Sayyid Barghash, kwa shinikizo la Waingereza. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa kufutwa kwa utumwa. Waliokwisha kumilikiwa waliendelea kumilikiwa hadi mwaka 1897, pale Sultan Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya kisheria. Na hata hapo, fidia iliyopangwa ilikuwa ya mabwana. Mtumwa aliyeachwa huru alitoka mikono mitupu, akatafute pa kulala na pa kulima.

Katika mazingira hayo mtoto mchanga anaitwa Mtumwa, na wanaomwita hivyo kila asubuhi ni watu wanaosali. Hapa hatuna budi kusema kweli hata kama inatuuma. Qur'ani katika Suratul Balad imeitaja kazi ya kumwacha mtu huru kuwa ndiyo njia ya mlimani ambayo mwanadamu anatakiwa kuipanda. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiyabadilisha majina mabaya ya Masahaba zake, yupo mwanamke aliyekuwa akiitwa kwa jina lenye maana ya uasi, naye akamwita Jamila. Mafunzo hayo yalikuwepo Unguja, yakisomwa misikitini. Hayakufika Fumba kwenye kibanda cha Saad. Dini haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwa waliokuwa nayo mkononi.

Haki ya pili ni elimu. Mtoto wa kike wa shamba, tena wa ukoo ule, hakuonekana kuwa mtu wa kupelekwa chuoni. Alichofundishwa ni kazi ya mama yake, kazi ya kufinyanga. Udongo unachimbwa, unapondwa, unakandwa, chungu kinaumbwa kwa mkono, kinaanikwa, kisha kinachomwa. Baada ya hapo kuna safari ya mjini na mzigo kichwani, mwendo unaokaribia kilomita 20, kwa miguu. Mwenye bidhaa hiyo hana duka. Duka lake ni mdomo wake. Siti akanadi vyungu kwa kuimba, na watu wakawa wanaijua sauti kabla hawajamwona mwenyewe. Aliolewa, akapata mtoto wa kike, ndoa ikavunjika. Hivyo mpaka anafikia umri wa miaka thelathini hivi, alikuwa mwanamke asiye na mume, mwenye mtoto wa kulea, asiyejua kusoma, na mtaji wake mkubwa ni koo lake.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akakutana na mwanachama mmoja wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905. Mtu huyo alipoisikia sauti ile hakuishia kustaajabu, bali alimkalisha chini akamsomesha. Alimfundisha kuimba kwa utaratibu, na kuyatamka maneno ya Kiarabu yalivyo. Ndugu msomaji, hebu tulizingatie jambo hili. Mtu wa kwanza kumwambia mwanamke huyu kwamba ana akili ya kufundishika hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa mwanamuziki. Mlango wa chuo ulikuwa umefungwa na mlango wa taarab ukawa wazi, naye akaingia pale palipokuwa wazi. Anayetaka kumlaumu kwa mlango alioingia, amuulize kwanza aliyefunga ule mwingine.

Taarab ya wakati ule ilikuwa jambo la ikulu na la mabwana wakubwa. Habari zake zinaanzia kwa Sayyid Barghash, aliyeleta wapigaji kutoka Misri na kumpeleka kijana wa Unguja Cairo akajifunze kupiga ala. Ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Siti akaja akaiimba kwa Kiswahili. Alizungukwa na wapigaji hodari kama Subeit bin Ambar, Maalim Shaaban na Mbaruk, kipofu aliyetoka Mombasa. Walikuwa wakiitwa kwa matajiri na kwa Sultan Khalifa bin Harub, na usiku wa kawaida walikuwa Ng'ambo, mitaa iliyokuwa nje ya Mji Mkongwe, walikoishi wachukuzi, mafundi, wapishi na wengi wa wale waliokuwa watumwa jana. Wimbo ulioanza kwa bwana sasa ukasikika kwenye kibaraza cha mtumishi wake, kwa lugha anayoielewa.

Hapo ndipo jina lilipobadilika. Watu wakaacha kumwita Mtumwa, wakamwita Siti. Hakuna hakimu aliyetoa hati ya kubadili jina hilo. Ni heshima iliyotoka midomoni mwa watu, na jina la utumwa likafa kabla ya mwenyewe.

Lakini heshima haiji bila husuda. Wapo walioona uchungu kwamba mtoto wa mfinyanzi anaitwa kwa mabwana. Wakamtungia nyimbo za kumkumbusha alikotoka, kumtajia nguo za kimaskini alizovaa shamba, na kumcheka sura, kwa madai kwamba bila sauti yake asingekuwa mtu. Hakuwajibu kwa matusi. Aliwajibu kwa wimbo wenye hoja kwamba uzuri wa uso na ubora wa nasaba si kitu cha kujivunia, na kwamba aibu ya mtu ni kukosa akili na tabia njema. Sisi walimu tunalieleza jambo hili darasani kwa kuwataja Bilal na Salman (r.a.), kwamba mtu hapandi daraja mbele ya Mola wake kwa rangi wala kwa ukoo. Huyu bibi aliyenyimwa chuo alilifahamu kwa maisha yake, akawafahamisha watu waliosoma.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli hadi Bombay, India, wakaenda kurekodi santuri kwa kampuni ya HMV. Hili lilikuwa jambo geni. Ni miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za Kiswahili kuuzwa madukani, na Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufikia hatua hiyo. Ilipofika mwaka 1931, zaidi ya santuri 70,000 zilikuwa zimeuzwa. Tukumbuke kuwa wakati huo gramafoni ilikuwa mali ya mwenye nafasi, na santuri moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Sauti ya mtoto wa Fumba ikafika Mombasa, Lamu, Tanga, Dar es Salaam, na bara mpaka mwisho wa reli.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa watoto waliokaa kwenye kibaraza cha namna hiyo. Alikulia Tanga, akaishi umri mrefu, akamalizia maisha yake Magomeni. Alikuwa akituhadithia jinsi jirani mwenye gramafoni alivyokuwa akizungusha mkono wake baada ya Isha na watoto wakikatazwa hata kukohoa. Bibi alipenda nyimbo mpaka uzee wake. Alfajiri alikuwa kwenye mswala, akimaliza uradi wake anachambua mchele, na hapo ndipo unapomsikia anaimba taratibu. Yeye pia hakujua kusoma. Kaka zake walipelekwa chuo, na yeye alibaki nyumbani kuteka maji. Maulidi ya Barzanji aliyahifadhi kwa kusikia tu, kupitia ukuta wa chumba walichokuwa wakisomea wanaume. Binti zake wanne wote alihakikisha wamehitimu chuo kabla ya kuolewa, na hakutaka mjadala. Nilipokua ndipo nilipofahamu kwa nini. Mtu aliyeikosa elimu anaijua thamani yake kuliko aliyeikuta mezani.

Tumrudie Siti. Wapo wanaodhani kwamba nyimbo zake zote zilikuwa za mapenzi. Sivyo. Mapenzi yamo, lakini humo pia mna mambo ya mtaani yaliyowafika wanyonge. Mfano mashuhuri ni wimbo wa Kijiti. Kisa chake ni cha mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja, akatolewa nyumbani kwa hila ya kwenda kustarehe, akarejeshwa maiti, naye alikuwa mjamzito. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Mahakama ya wakoloni ilipokaa, walioonja jela ni wanawake waliokuja kueleza yaliyotokea, kwa sababu kulikuwa na pombe katika safari ile. Siti aliichukua hukumu hiyo akaiimba kila mahali. Upo na wimbo wa karani aliyezila fedha za watu wasiojua kusoma, mwisho wake akafungwa.

Katika zama zile mtu wa Ng'ambo hakuwa na gazeti, hakuwa na wakili wala kiti katika baraza la kutunga sheria. Mwaka huohuo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo walikuwa wamegoma kulipa kodi ya viwanja walivyojenga nyumba zao, ndipo serikali ikagundua kwamba watu hao wana sauti. Nyimbo za Siti zilikuwa sehemu ya sauti hiyo. Sisi Waislamu tumeamrishwa kulikataza ovu kwa mkono, asiyeweza kwa ulimi, na asiyeweza kwa moyo. Mkono hakuwa nao. Ulimi alikuwa nao, akautumia kumtetea mwanamke aliyekufa ambaye wasomi na mahakimu walinyamaza juu yake. Hapo nauliza: katika miaka ile, ni wangapi kati ya tuliokuwa na elimu tuliposimama kwenye mimbari tulimtaja mwanamke yule?

Sasa nije kwenye suala la muziki wenyewe, maana nikilikwepa nitaulizwa. Ni vyema ikaeleweka kwamba wanazuoni wamehitilafiana. Wengi katika madhehebu manne, na humo yamo madhehebu yetu ya Shafii yanayofuatwa pwani, wameziona ala nyingi za muziki kuwa hazifai. Imamu Ibn Hazm wa Andalusia alizidhoofisha hadithi zinazotegemewa katika kuharamisha. Imamu Ghazali katika Ihyaa aliweka mlango mzima, akatazama kinachoimbwa, anayeimba, anayesikiliza na hali ya kikao. Sitoi fatwa katika safu hii. Anayejiepusha na ala kwa taqwa yake ana imamu wa kumfuata, na namheshimu. Ninalolikataa ni jambo jingine: kumchukua maiti wa Kiislamu, aliyezaliwa bila hiari yake katika unyonge, tukaufuta umri wake wote kwa neno moja la kwamba alikuwa mwimbaji. Mtume (s.a.w.) ametukataza kuwatukana wafu, kwani wameshayafikia waliyoyatanguliza. Hesabu yake iko kwa Mola wake, ambaye anajua mlango upi ulikuwa wazi na upi ulifungwa.

Shaaban Robert, ambaye hakuna anayetilia shaka Uislamu wake wala uadilifu wa kalamu yake, hakuona haya kumwandikia kitabu. Alikutana naye muda mfupi kabla ya kifo chake, akamsikiliza, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Huo ni miongoni mwa wasifu wa mwanzo wa Kiswahili uliomhusu mwanamke, na umesomwa katika shule za sekondari nchini. Mwaka 1988 chama cha wanawake waandishi wa habari Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake kililiita Sauti ya Siti. Na mwaka 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi yake huyo. Mfinyanzi asiyejua herufi ameacha jina katika kitabu, katika gazeti na katika kizazi chake.

Je, sisi wa leo tuna lipi la kuchukua hapo? Wapo watakaosema mambo hayo yamepita, utumwa umekwisha, na watoto wa kike sasa wamejaa madrasa. Alhamdulillah, wamejaa kweli. Lakini hebu kila mmoja wetu anayeishi mjini aangalie jikoni kwake. Yupo binti pale wa miaka kumi na minne au kumi na sita, ametoka kijijini, analea watoto wetu na kufua nguo zetu. Jina alilopewa na wazazi wake ni Zainabu, au Mwajuma, au Hadija. Sisi tunamwita hausigeli. Vijana wetu mtaani wanamwita beki tatu, nasi tunacheka. Saa nane mchana huwavisha watoto wetu kanzu na mitandio, anawashika mkono hadi mlangoni mwa madrasa, wao wanaingia na yeye anageuka kurudi kuosha vyombo. Kuna nyumba zenye mahodhi ya kutawadhia na misahafu ya kila ukubwa, na ndani yake yumo binti wa Kiislamu ambaye Suratul Fatiha hajaifunzwa sawasawa, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Kisha siku moja binti huyo anaondoka. Anapata anayemwambia kwamba ana sura nzuri, au ana sauti nzuri, au ana kiuno kizuri, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumwambia kwamba ana chochote. Tunapomsikia tena yuko kwenye kumbi, sisi ndio wa kwanza kusema watoto wa siku hizi wameharibika. Siti alikuwa na bahati, au niseme alikuwa na akili pevu, maana mlango alioukuta wazi aliutumia kusema haki. Si kila binti atakuwa na uwezo huo. Na hata kama angekuwa nao, si uadilifu kumwachia mtoto mlango mmoja halafu tukamhukumu kwa kuupita.

Hivyo basi, nina maombi mawili mepesi kwa ndugu zangu wasomaji. La kwanza, tuwaite watu kwa majina yao. Hakuna gharama yoyote katika kusema Zainabu badala ya hausigeli. La pili, kila nyumba yenye binti wa kazi imtengee saa mbili kwa siku, akasome chuo pamoja na watoto anaowapeleka, na ada yake ilipwe na mwenye nyumba bila kukatwa katika mshahara wake. Maimamu na walimu wa madrasa nao wasiwarudishe kwa hoja kwamba umri umewapita. Wawafungulie darasa la mchana. Huko ndiko kulipa deni la Fumba, na inawezekana kuanzia Jumatatu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Siti binti Saad, amsamehe aliyoyakosea, amlipe kwa kila dhulma aliyoitaja pale wengine waliponyamaza. Awarehemu na bibi zetu wote waliojifunza dini kupitia ukuta. Na atujaalie sisi tusiwe watu wa kufunga milango. Amin.

Wabillahi tawfiq.